Zima Kabla ya Jiwe

Gari bovu lilimchangamsha Fundi. Mteja akiingia uani analalamika, gari linakohoa, linafuka moshi, asubuhi haliwaki, basi Fundi alitania, akavuta kigoda, akaagiza kahawa. Lakini mteja akiingia anacheka, akasema, "Fundi, leo linakwenda vizuri ajabu," uso wake ulibadilika palepale. Aliweka chini alichokishika, akafuta mikono, akauliza: "Vizuri namna gani?" Na mtu akizidi kusifu, aliambiwa ashuke, ufunguo auache.

"Likienda vizuri mno, shuka." Hiyo ndiyo iliyokuwa kauli yake. Nilikuwa nauza vitumbua na kahawa nje ya ukuta wake pale Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, Madagaska, miaka na miaka, na kauli hiyo niliisikia mpaka ikanichosha. Watu waliicheka. Mimi niliicheka. Kaka yangu Hamadi aliicheka kuliko sote, na Hamadi leo yuko chini ya udongo wa Mahajanga. Kwa hiyo nikimweleza Fundi hapa, msinitake nimsifu moja kwa moja wala nimlaani moja kwa moja. Nitamsema nilivyomjua.

Jina lake silitaji. Watu wa kule watamtambua, na wasiomjua jina halitawafaa kitu. Kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe, hata watoto wake. Na wateja alisema Kimalagasi, na sisi ambao wazee wetu walitoka Ngazija alisema Kingazija, na boliti zilizogoma alizitukana kwa Kifaransa, akidai kwamba malaika wa bega la kushoto hakusoma lugha ile. Kiswahili kule kwetu kimebaki ndani ya dua, kwenye mizani ya duka na kwenye vyombo vya baharini. Mimi nilikipata sawasawa Unguja, nilikoolewa muda mfupi nikarudi na mtoto mmoja na hasira nyingi. Basi maneno yake hapa nayatia katika Kiswahili, na mkiona yana chumvi, jueni chumvi ni yake.

Uani kwake hakuna gari lililoruhusiwa kuelekeza kichwa ukutani. Ungeleta gari halina magurudumu, lingesukumwa na kugeuzwa mpaka pua yake iangalie lango. Magari yaliyopona yaliachwa na ufunguo ndani na petroli ya kutosha. Wageni walidhani ni mapambo, au usafi. Mkewe, mwanamke wa kisiwa jirani cha Nosy Komba aliyedarizi mapazia kwa mikono myembamba yenye haraka, aliniambia siku moja huku akikata uzi kwa meno: "Huyu mume wangu anaishi kama mtu aliyeambiwa asubiri honi."

Sisi tuliotoka Mahajanga tulijua honi ipi: ya kukimbia. Ile miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea ukingoni, kulitokea ugomvi mjini kwetu. Ulianza, wakasema, kwa jambo dogo, mila ya watu iliyovunjwa na mmoja wetu katika kukasirika tu. Ukaishia kwa nyumba za Wangazija kuchomwa na watu kuuawa. Waliosalia walipandishwa meli, wengine ndege, wakapelekwa kwenye visiwa ambavyo wengi wao hawakuwa wamevitia mguu. Mama yetu alitukimbiza kwa dada yake aliyekaa Ambanoro, hukohuko Nosy Be. Fundi naye alifika Nosy Be wakati huohuo, ana mfuko wa spana na kovu jipya sikioni, na katika maisha yake yote sikumsikia akilisimulia jambo lile hata kwa sentensi moja. Yalilisimulia magari yake.

Ndiyo maana Fundi aliziogopa mila za watu kuliko wenyewe walivyoziheshimu. Jumanne hakufungua injini, kwa kuwa kwa Wasakalava wengi, wenyeji wa kisiwa kile, Jumanne si siku ya kazi nzito. Msikitini walimtania, "Fundi, umekuwa wa dini mbili?" Aliwajibu, "Mimi ni wa dini moja na wa nyumba ya watu." Mkewe, ambaye ndiye Msakalava, Jumanne alidarizi kutwa. Akipita karibu na mahali pa fady, yaani pa mwiko, pale ambapo wazee waliotangulia wana heshima zao, mkewe aliinamisha kichwa kidogo akaendelea na mazungumzo. Fundi alivua kofia, akavua miwani, akashusha sauti, akaomba radhi, akaomba tena. Mama yule alicheka: "Wazee ni wangu, wewe ndiye unayetetemeka!"

Na mtu huyuhuyu, ajabu, kwa wenye magari alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Aliwahi kumfukuza mfanyabiashara mkubwa wa mjini kwa sababu alikuja amevaa marashi na Fundi akashindwa kunusa petroli. Pikipiki ya mkunga aliitengeneza bure na akamkemea mkunga kwa kuchelewa kuileta. Ijumaa alitoka mapema kwenda msikitini, kanzu nyeupe, kisha lori likapita njiani na sauti asiyoipenda, akalifuata. Akifika msikitini watu wanatoka. Nilimwambia, "Fundi, utaulizwa siku ya hesabu." Akasema, "Na mwenye lori naye ataulizwa, mbona aliniacha nisikie."

Kusikia ndiko kulikokuwa kazi yake hasa. Alikuwa na bomba la shaba, refu kama mkono. Ncha moja aliigandamiza kwenye injini inayonguruma, ncha nyingine akaitia sikioni, lile lenye kovu. Alifumba macho. Watu wote walinyamaza uani. Alikuwa akitafuta mgongano fulani, mlio mdogo, mkavu, wa kokoto ndani ya kopo. Alisema huo ni mlio wa injini yenye njaa. Wakati mwingine aliniita nami nisikilize, nikalifuta bomba kwa leso yangu kwanza, akanuna.

Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya turbo, maana magari ya namna hiyo yalianza kutufikia kutoka Reunion, moja moja, miaka ile ya themanini ikienda.

"Zaina," alisema, "jiko lako la makaa ukilipepea linafanyaje?"

"Linawaka."

"Ukizidisha?"

"Linaunguza vitumbua."

"Basi turbo ni kipepeo. Inashindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo izidi. Na petroli haiwaki tu, inapoza pia. Ikizidi kidogo, injini inakuwa nzito, mvivu, inatoa moshi, lakini inaishi. Ikipungua, injini inakuwa nyepesi. Inaimba. Mwenyewe anapenda. Na kule ndani pistoni zinayeyuka."

"Sasa itamwambia lini?"

"Haimwambii. Ndiyo nikasema, likienda vizuri mno, ashuke."

Nilirudi kwenye jiko langu nikaona hata moto wangu siupendi.

Hamadi alinizidi miaka michache, akanizidi na kiherehere. Yeye alirudi Mahajanga mapema, wakati wengine bado tukiota zile siku. Alisema mji ule ni wake, hakuna wa kumfukuza mara mbili. Akapata gari la Kifaransa lenye turbo, refu, lenye nafasi nyuma, akawa anapeleka kamba na kaa kwenye barafu kutoka Mahajanga mpaka mji mkuu. Njia ni ndefu, milima ni mingi, na barafu haina subira. Alitaka gari lipande milima bila kushusha gia. Basi akalipandisha kwenye meli ya mizigo, akaja nalo Hell-Ville kwa Fundi, maana Mahajanga nzima hakuna fundi ambaye Hamadi alimwamini kwa petroli kama yeye.

Walikaa kwenye benchi langu. Naliona benchi lile mpaka leo.

"Unataka nini?" Fundi aliuliza.

"Nguvu. Turbo nimeshaiongeza upepo. Sasa nataka petroli ilingane."

"Umeongeza upepo kabla ya petroli?"

"Kidogo tu, Fundi."

"Hakuna kidogo. Umemkimbiza mtu hajala."

Kisha Fundi akavuta sahani yangu, akapanga vitumbua vinne kwa mstari. Hizi ndizo silinda zako, akasema. Kila moja ina injekta yake, tundu dogo la kunyunyizia petroli. Njia ya kwanza, tunaacha injekta hizihizi, tunafunga kidhibiti kinachopandisha presha ya petroli kila turbo inapopuliza, ili tundu lilelile litoe zaidi. Ni rahisi, ila pampu iwe na nguvu, na tundu nalo lina mwisho wake. Njia ya pili, akaweka kikombe kando ya vitumbua, tunaongeza injekta ya tano kwenye bomba la hewa. Ni rahisi pia, lakini haigawi sawa. Huyu wa mwanzo anashiba, huyu wa mwisho analala na njaa. Njia ya tatu, injekta nne kubwa, pampu kubwa, na kisanduku cha umeme cha kuziamrisha. Hiyo ndiyo njia ya mtu anayetaka kuzeeka. Lakini vitu vinatoka Reunion, na kisanduku kinataka siku nyingi za kukifundisha gari lako.

"Msimu wa kamba haungoji kisanduku," Hamadi alisema. Akanyoosha mkono akachukua kitumbua cha tatu, akakila.

Fundi alitazama pale palipobaki wazi kwenye sahani. "Umekula silinda," alisema, na hakutabasamu.

Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho wakakubaliana hivi: Fundi atafunga pampu mpya kubwa na kidhibiti cha presha, injekta zibaki zilezile, halafu plagi, zile zinazotoa cheche ndani ya silinda, ndizo zitakazotoa hukumu. Plagi zikitoka na rangi ya kahawa ya maziwa, gari liende. Zikitoka nyeupe, maana yake injini ina njaa, na gari litalala uani mpaka injekta kubwa zifike, hata msimu upite, hata Hamadi alie. Hamadi aliapa mbele yangu. Kwa hiyo roho ya kaka yangu iliwekwa juu ya rangi ya plagi, na sote tulijua, na sote tulikunywa kahawa.

Lazima niwaeleze plagi zilivyosomwa, maana hapo ndipo palipo na kila kitu. Nyuma ya mji kuna barabara inayopanda kilima. Gari lilitiwa plagi mpya, likapandishwa kilima kwa nguvu zote, turbo inavuma, na likiwa bado katika nguvu hizohizo injini ilizimwa ghafla, likaserereka lenyewe mpaka lisimame. Hapohapo plagi ilifunguliwa, ya moto, ikasomwa. Ukiiacha injini ipumue polepole hata kidogo kabla ya kuizima, moshi wa utulivu unaipaka plagi rangi nzuri juu ya ile ya kweli. Unasoma uongo.

Na juu ya kilima kile, ukingoni mwa barabara, kuna jiwe lililofungwa kitambaa cheupe. Ni mahali pa wazee. Dereva akifika pale hupunguza mwendo, huvua kofia, hupita taratibu. Anayepita kwa makelele hutazamwa vibaya. Basi Fundi alikuwa na sheria moja iliyoandikwa kichwani mwa kila dereva wake: zima kabla ya jiwe. Kwenye mkorosho ulio chini kidogo, ufunguo uzimwe. Gari lililozimwa hupita mbele ya jiwe kimyakimya, kofia mkononi, heshima imetimia na plagi imesema kweli. Aliona fahari sana kwa utaratibu ule. Ulikuwa umempatanisha na kila kitu alichokiogopa.

Siku ya kujaribu gari la Hamadi walikwenda wao wawili, Hamadi kwenye usukani, Fundi pembeni na spana ya plagi mapajani. Kwa kawaida nilisikia turbo ikipanda, kisha ikikatika, kisha kimya. Siku ile kinu cha jirani kilikuwa kinakoboa mpunga, sikusikia mwisho.

Walirudi. Hamadi aliruka nje kabla gari halijasimama vizuri. "Zaina! Linakwenda vizuri ajabu!" Fundi alishuka polepole, plagi imo kiganjani kwenye kitambaa. Aliionyesha kila aliyetaka kuona. Rangi yake ilikuwa ya kahawa ya maziwa, safi, sawa pande zote. Sijaona plagi nzuri kama ile. Nilimtazama Fundi, nikingoja aulize, vizuri namna gani. Hakuuliza. Alimpa Hamadi ufunguo. Nikamjazia kikombe, hakukigusa, akaenda bombani kunawa mikono, akanawa tena, akaingia ndani nyuma ya pazia la darizi la mkewe alilomkataza kila mtu kulishika. Nilidhani amechoka. Gari lilipopita nje Hamadi alipiga honi, na ndani nikasikia kitu kimeanguka.

Msimu haukwisha. Hamadi alikuwa akipanda mlima, analipita lori la ng'ombe, injini ikamkatikia katikati. Hakuwa na nguvu ya kumaliza kulipita wala nafasi ya kurudi nyuma, na mbele likatokea lori jingine. Dereva wa lori la ng'ombe alitueleza akilia kwamba gari lile lilikuwa likipanda kwa wepesi hata yeye alilionea wivu.

Fundi alikuja Mahajanga mazikoni. Tangu zile siku za moto hakuwa amekanyaga mji ule. Alitembea katikati ya barabara, mbali na milango. Baada ya mazishi alikwenda kwenye uwanja ambako gari lilikuwa limetupwa, akafungua injini mwenyewe, kwa mikono yake, nami nimesimama. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu. Alitia kidole, kikapita. Akakaa na kidole chake mle ndani, watu wakimtazama.

Waliosema ni wengine. Hamadi, walisema, aliongeza tena upepo wa turbo akiwa njiani, maana plagi ilikuwa nzuri, sote tuliiona. Niliamini. Nilimjua kaka yangu. Nikamkasirikia maiti, Mungu anisamehe, nikawa namsomea dua huku nimekunja uso. Nilikuwa namwambia kaburini, si uliapa? Si uliapa mbele yangu? Fundi alikuwa karibu, akinisikia, akitazama mchanga.

Baada ya hapo hakugusa tena turbo. Alitengeneza pampu za malori na za boti. Kauli yake aliiacha. Mtu akisema linakwenda vizuri, alitikisa kichwa tu. Mkewe alipofariki, mazishi yakafanyika Nosy Komba, bintiye alimchukua akae naye Mahajanga. Mimi nami nilirudi mji ule, mwanangu Nasri akiwa mtu mzima ana ndevu na karakana yake ndogo ya kufunga redio za magari. Mara chache nilimpelekea Fundi vitumbua. Masikio yalikuwa yamekufa, ilibidi upige kelele, na macho nayo yalikuwa yanafifia. Hakuwa na gari tena, lakini kiti chake kiliangalia lango.

Siku aliyoniita, alimtuma bintiye na bajaji. Nilimkuta amevaa kanzu ya Ijumaa na haikuwa Ijumaa.

"Mwanao alikuja hapa," alisema.

"Nasri? Kufanya nini?"

"Amenunua gari la Kijapani. Lina turbo, ameiongeza upepo. Ameniuliza afunge pampu tu, au na injekta kubwa. Anasema linakwenda vizuri ajabu."

Nikakaa chini sakafuni palepale.

"Sikumjibu," Fundi alisema. "Nilisema kwanza nizungumze na mama yake. Zaina, Hamadi hakuongeza upepo. Siku ile hatukuzima."

"Hamkuzima nini?"

"Kabla ya jiwe. Tulipofika kwenye mkorosho niliona watu. Wengi, wamejaa barabarani, wana shughuli yao pale, ngoma, nguo nyeupe, nguo nyekundu. Gari linanguruma linawaelekea. Nikaona tukizima, tutasimama katikati yao, Wangazija wawili, tumeshika spana. Nikaona Mahajanga. Wallahi, niliiona, na moshi wake. Nikaushika mkono wa Hamadi nikamwambia, usizime, punguza, vua kofia, pita. Tukapita tunanguruma polepole, mpaka chini kabisa upande wa pili. Ndipo nikafungua plagi. Ikatoka nzuri. Nikajua ni uongo. Hamadi hakujua, alikuwa ana furaha. Kurudia, ilibidi tupande tena mlima ule kwa makelele, tuwaelekee watu wale. Sikuweza. Nikasema, labda. Nikasema, labda iko sawa."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, niliinuka na mkono wangu juu, mzee yule kipofu nusu, kiziwi, na hakukinga uso. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Miaka yote ile nimemkunjia uso kaka yangu aliyetimiza kiapo chake! Na yeye kimya, anakula vitumbua vyangu! Kelele zangu zilimfika, na kila neno alilitikisia kichwa akilikubali.

Nilipochoka, tukasikia nje. Mimi nilisikia. Ilikuwa turbo, inakuja mtaani, sauti nyororo, safi, tamu. Nasri alikuwa amekuja kunichukua.

"Panda, mama," alisema, anacheka. "Usikie linavyokwenda."

Nikamwambia alete plagi mpya na spana yake. Alizoea amri zangu, akazifunga plagi. Nikapanda mbele, nikamwelekeza barabara ndefu iliyonyooka inayotoka mjini. "Kanyaga," nikasema. Akanitazama. "Kanyaga mpaka mwisho, nimekwambia!" Akakanyaga. Gari lilituvuta mpaka mgongo ukagota kitini, turbo ikiimba, na wallahi ilikuwa raha. Mbele yetu, upande wa kushoto, nikaona watu wametoka kuzika, wamejaa pembeni mwa barabara na wanatembea, wazee mbele, wanawake na leso zao nyuma. Nasri akainua mguu apunguze.

"Usipunguze! Kanyaga!"

"Mama, msiba wa watu!"

Nikanyoosha mkono nikazima ufunguo mwenyewe. Turbo ikakatika. Gari likaserereka kimya, usukani mzito, likasimama katikati ya msiba.

Wakatuzunguka. Nilishuka kichwa wazi, nikasema azafady, nisameheni, kama ulivyo wajibu kwa lugha yao. Nikawaambia ukweli: huyu ni mwanangu, nataka kujua kama gari hili litamuua, na njia ya kujua ni hii tu. Mzee mmoja alinitazama sana. Kisha akamuuliza Nasri, "Sasa mbona hufungui?" Nasri alifungua. Nikaipokea plagi kwenye pembe ya leso, ya moto, nikaigeuza juani, na wale watu wa msiba wakainamia nao watazame wasichokijua. Vijana wao ndio waliotusukuma mpaka kwa Fundi, maana nilikataa katakata liwashwe tena.

Fundi alikuwa mlangoni. Nilimtia plagi kiganjani. Aliisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali, akanirudishia.

"Sioni. Soma wewe."

"Nyeupe," nikasema.

Alitega sikio lenye kovu. "Sema."

"Nyeupe, Fundi! Nyeupe tupu!"

Akamgeukia Nasri. "Gari linalala hapa," alisema. "Mpaka injekta kubwa zifike. Hata ulie."

Nasri akatazamana nami, kisha akawaita wale vijana wamsaidie kuligeuza, pua iangalie lango, maana watu wote wanamjua Fundi. Wakaanza kusukuma. Fundi aliinua mkono.

"Liacheni," alisema. "Liangalie ukuta."

Nikachomoa ufunguo nikaufunga kwenye leso yangu, kisha nikaingia jikoni kwa bintiye kumpikia yule mzee kahawa.